Lukemia Kali: Mwezi wa Kwanza Hautoshi

Lukemia kali ni saratani inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe nyeupe changa hukataa kukomaa, zikazaana mno hadi chembe za kawaida zikakosa nafasi. Hapo ndipo dalili zinapotoka: mgonjwa hupauka na kuchoka kwa kupungukiwa na chembe nyekundu, huvuja damu puani na kwenye fizi kwa kukosa chembe sahani, na homa haimwishi kwa kuwa kinga imeanguka. Afrika Mashariki homa na upungufu wa damu ni mambo ya kila siku, kwa hiyo si ajabu mtoto akatibiwa malaria mara mbili tatu kabla hajapimwa picha kamili ya damu na kutolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Ugonjwa huu hukua kwa wiki, na ucheleweshaji huo hugharimu maisha.

Aina kuu ni mbili: ya limfoidi, inayowapata zaidi watoto, na ya mieloidi, inayowapata zaidi watu wazima. Kila moja ina dawa zake. Ya mieloidi kwa kawaida huanza na sitarabini kwa siku 7, pamoja na daunorubisini kwa siku 3. Tawi lake moja, la promielositi, lilikuwa miongoni mwa yaliyoua haraka zaidi, hadi madaktari wa Harbin na Shanghai, nchini China, walipoonyesha nguvu ya aseniki na ya dawa itokanayo na vitamini A. Leo, kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa, dawa hizo mbili huponya zaidi ya 9 kati ya 10.

Lukemia ya limfoidi ndiyo iliyofungua historia ya tiba hii. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba aminopterini iliwapa watoto kadhaa nafuu, ingawa ya muda mfupi. Siku hizi mwezi wa kwanza mgonjwa hupewa vinkristini, dawa jamii ya steroidi na asparajinesi, na methotreksati huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili saratani isijifiche kwenye ubongo. Vinkristini hutoka kwenye ua dogo la Madagaska linalopandwa hata kwenye bustani za pwani yetu. Kulitafuna au kulichemsha nyumbani, hata hivyo, ni kujipa sumu.

Baada ya wiki nne hadi sita watoto wengi huonekana wazima. Darubini haioni tena ugonjwa, lakini mwili ulioanza na takriban chembe trilioni moja za saratani unaweza kuwa umebaki na bilioni kadhaa. Ndiyo maana tiba huendelea miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa yake ikiwa vidonge vya kumeza nyumbani. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Ugonjwa ukirudi, au ukiwa wa hatari tangu mwanzo, hufikiriwa upandikizaji wa uboho (uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana ni robo tu) au dawa mpya za kinga, ambazo bei yake bado iko mbali na familia nyingi za huku.

Tatizo kubwa la huku, hata hivyo, si kukosa upandikizaji bali ni kuacha tiba njiani. Utafiti uliofanywa Eldoret, Kenya, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye saratani waliacha tiba kabla haijaisha, na wasio na bima ndio walioacha zaidi. Nauli huisha, shamba linangoja, na mtoto anacheza: mzazi haoni sababu ya kurudi.

Hapo ndipo mwenzake aliyepitia njia hiyo anapoweza kufanya asichokiweza daktari mwenye wagonjwa arobaini. Mama ambaye mwanawe amemaliza vidonge humweleza mgeni wodini kwamba nywele huota tena, kwamba homa ya nyuzi 38 wakati wa kemo ni safari ya hospitali usiku huohuo bila kungoja asubuhi, na kwamba ndugu wajipange mapema kuchangia damu kwa zamu, maana chembe sahani hukaa siku chache tu. Nyumba za kulala wazazi karibu na hospitali husaidia zaidi ya malazi: mazungumzo hayo hufanyika jikoni. Kwa mtu mzima hali ni ngumu zaidi, kwani wagonjwa wa aina yake ni wachache na mara nyingi yeye hulazwa peke yake. Kumpigia simu aliyepona humpunguzia upweke.

Msaada huo hauui chembe za saratani, na una mipaka. Dozi hupangwa kwa uzito, aina ya ugonjwa na vipimo vya damu vya wiki hiyo, hivyo vidonge vya merkaptopurini vilivyobaki kwa mtoto mmoja havigawiwi kwa mwingine.