Safari ya Pwani na Watoto: Anza na Kalenda ya Maji

Mzazi anayetaka kuwapeleka watoto pwani ya kusini huanza na ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560 za lami. Anazigawa kwa siku alizo nazo, anapiga simu kuulizia vyumba, na safari inaonekana imekamilika. Ramani haimwambii jambo moja kubwa. Ukanda huu, siku za bamvua, bahari hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Ufuko unaoogeleka vizuri saa kumi alasiri, saa nne asubuhi unaweza kuwa uwanja wa mawe na tope. Mtoto aliyeahidiwa bahari njia nzima, akafika akaikuta imekimbia, hawezi kuambiwa asubiri kwa muda wa saa sita. Ndiyo maana nawasihi wazazi wachague siku kwa kufuata maji kwanza, kilomita zije baadaye.

Hesabu yake si ngumu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo. Siku hizo, kuanzia Lamu hadi Mtwara, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: yanaingia maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na kujaa kwake kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi. Wavuvi wanaishi kwa hesabu hii, na mzazi anayetaka saa kamili atazipata katika majedwali ya maji ya bandari.

Sasa tuiweke kwenye ratiba. Kilwa Kisiwani panafaa maji yakijaa asubuhi, ili mashua ifike karibu na watoto wasivuke tope kwa miguu. Miamba ya Mtwara inataka kinyume chake, maji yaliyokupwa asubuhi. Ukiondoka Dar es Salaam tarehe 8 ya mwezi mwandamo, vyote viwili vinakaa mahali pake.

Barabara

Siku ya kwanza ndiyo ndefu, takriban kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Jina la barabara ya pwani lisiwadanganye watoto: baada ya Mkuranga na Kibiti mtapita kati ya mikorosho na misitu bila kuona bahari kwa saa nyingi. Waambieni mapema, na wapeni vya kusubiri njiani. Cha kwanza ni Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, magari yalipanga foleni kusubiri kivuko. Cha pili ni Somanga, kijiji cha wavuvi, ambako barabara inaikaribia bahari na watoto wanaweza kunyoosha miguu.

Pigeni hesabu ya kilomita 60 kwa saa, si zaidi. Vijiji ni vingi, na kila kimoja kina kibao cha 50 ambacho lazima kiheshimiwe, kwa sababu watoto wa wenzetu wanavuka hapo kwenda shule na kisimani. Ongezeni mapumziko ya dakika 20 kila baada ya saa mbili. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mtafika mchana, jua likiwapo. Usiku msiendeshe: kuna malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe, baiskeli na watembea kwa miguu wasioonekana.

Mtoto mdogo akae kwenye kiti chake maalumu, kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Kupakatwa si ulinzi. Gari likigonga kitu, nguvu inayomrusha mtoto mbele huzidi uzito wake mara nyingi, na hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kumzuia. Anayetapika garini apewe chakula chepesi kabla ya kuondoka, akae anapoweza kuona mbele, na asishike simu wala kitabu.

Kilwa hadi Mtwara

Tarehe 9 nendeni Kisiwani. Kibali hupatikana Masoko kabla ya kuvuka. Vukeni saa tatu asubuhi maji yakipanda, na kila mtoto awe na jaketi okozi linalomtosha; la mtu mzima humvuka kichwani akianguka majini. Mrudi kabla ya alasiri, hasa Juni na Julai, kwa kuwa kusi hukaza kadiri mchana unavyosonga.

Magofu ya Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, na Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331. Mtoto wa miaka saba hatajali tarehe hizo, basi mpeni kazi ya macho. Kuta za Msikiti Mkuu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwambieni asogeze uso karibu na jiwe hadi aone vitundu vidogo vyenye umbo la nyota. Kila kimoja kilikuwa nyumba ya kiumbe hai baharini. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, atafute birika lenye pembe nane. Kufika huko kwa miguu ni mwendo mrefu kwa miguu midogo, hivyo mwombeni nahodha awapitishe kwa mashua.

Tarehe 10 msisafiri. Ogeleeni ufuko wa Jimbizi pale Masoko, watoto walale mchana, mfue nguo. Siku hii ya katikati ndiyo inayobeba safari yote, nayo ndiyo wazazi huikata kwanza.

Mkitoka Kilwa, kituo kinachofuata ni Lindi, yenye hadithi ambayo hakuna mtoto atakayeikataa. Kati ya mwaka 1909 na 1913, huko Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Isimulieni hadithi hii mkiwa ufukweni Lindi, ilikopakiwa mifupa hiyo, kwa kuwa Tendaguru kwenyewe ni mbali na hakuna cha kuwaonyesha watoto.

Mkipitia Mikindani, mtafika Mtwara mkiwa mnaikaribia bamvua. Tarehe 14 na 15 maji hukupwa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ufuko wa Shangani, watoto wavae yeboyebo, watembee juu ya mwamba wakitazama kaa, viti vya pweza na samaki waliobaki kwenye vidimbwi. Wajifunze kutazama bila kung'oa, na wasikanyage viumbe weusi wenye miiba mirefu. Maji yakianza kurudi, ninyi nanyi rudini; hujaa haraka nyuma ya mtu aliyeinama.

Msimu na afya

Juni hadi Septemba ndio wakati bora. Masika iachwe: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara hii eneo la Somanga. Bebeni maji ya kunywa, ORS, kofia na vyandarua vyenu wenyewe. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa hata kidogo, maana mwili wake hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Kurudi gawanyeni kwa siku mbili, mlale Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kilwa, au Masoko. Mkiona siku hazitoshi, ishieni Lindi. Mapumziko ya Kilwa yabaki. Na mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe malaria siku hiyohiyo, kwa sababu vimelea huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kujitokeza.