Je, Wajua? Saladi ya Ngano Isiyohitaji Moto

Tabule, saladi ya Lebanoni na Syria, huandaliwa bila kuwasha jiko. Nafaka yake ni bulga: ngano iliyochemshwa, ikaanikwa hadi ikauka, kisha ikapondwa vipande vidogo. Kwa kuwa imekwisha kuiva, ile iliyopondwa laini hulowekwa tu katika maji au maji ya limau mpaka ilainike, jambo linalofaa sana siku za joto kali. Pumba nyingi za ngano hubaki ndani yake, na kwa hiyo ina nyuzinyuzi nyingi kuliko mchele uliokobolewa.

Kosa la kawaida ng'ambo ni kujaza bulga. Tabule ya Lebanoni ni ya kijani: sehemu kubwa ni pasili, jani linalofanana na giligilani, lililokatwa kwa kisu kikali, maana kisu butu hulivuruga likatoa maji. Huongezwa mnanaa, nyanya, vitunguu majani, limau, mafuta ya zeituni na chumvi. Huchotwa kwa jani la letusi au kabichi. Lebanoni huiadhimisha kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, katikati ya kiangazi.