Jinsi Maneno ya Kiingereza Yanavyobadili Aina: Nomino, Vitenzi na Vivumishi

1. Suala lenyewe

Kwenye paketi nyingi za dawa zilizoandikwa kwa Kiingereza husomeka agizo hili: «Store in a cool, dry place». Mwanafunzi aliyejifunza kwamba «store» maana yake ni duka hulitafuta duka mahali lisipokuwapo. Hapo neno hilo ni kitenzi, nalo laagiza dawa iwekwe mahali pakavu pasipo joto. Kinyume chake, «cool» na «dry», ambayo kwingineko ni vitenzi vya kupoza na kukausha, hapa ni vivumishi. Kosa la namna hii halitokani na uhaba wa msamiati, bali na kutotambua aina ya neno. Nalo laweza kumdhuru mgonjwa aliyemtegemea mfasiri. Makala haya yanakusudia kueleza njia ambazo Kiingereza hutumia kubadili aina za maneno, kwa kukilinganisha na Kiswahili na Kifaransa, lugha ambazo wengi wa wanafunzi wetu huzipitia kabla ya kukifikia.

2. Njia nne za Kiingereza

Katika Kiswahili, kwa kawaida, umbo la neno hutangaza aina yake. Kutokana na mzizi -som- twapata msomaji, somo, kisomo na usomaji. Na hakuna atakayedhani kuwa «anasoma» ni nomino. Kiingereza hakina desturi moja kama hiyo.

Njia ya kwanza ni viambishi tamati. Kiambishi -ness hugeuza kivumishi kuwa nomino: «kind» ni -ema, «kindness» ni wema. Kiambishi -en hugeuza kivumishi kuwa kitenzi: «short» huzaa «shorten», kama vile -fupi inavyozaa kufupisha. Baadhi ya viambishi, kama -ness, -ful na -less, ni vya asili. Vingine, kama -ment na -able, viliingia pamoja na maneno ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ndiyo sababu «beautiful» lina shina la Kifaransa na tamati ya Kiingereza.

Hapa msomi aliyelelewa katika Kifaransa hana budi kujihadhari. Kwake -er ni alama ya kitenzi, kama katika «parler». Katika Kiingereza huonyesha mtendaji, kama «teacher», au ulinganisho wa kivumishi, kama «shorter». Aidha, -ment ya Kifaransa huunda nomino na vielezi pia, kama «mouvement» na «rapidement». Ile ya Kiingereza huunda nomino. Kazi ya vielezi hufanywa na -ly. Hata hiyo -ly si shahidi wa kuaminika siku zote, kwani «friendly» ni kivumishi.

Njia ya pili ni badiliko la sauti ndani ya neno. «Food» ni chakula, «feed» ni kulisha. «Blood» ni damu, «bleed» ni kutokwa na damu. Zamani vitenzi hivyo vilikuwa na tamati yenye sauti iliyo jamii ya i, iliyoivuta irabu ya mzizi kuelekea mbele ya kinywa, kisha yenyewe ikatoweka. Jambo hili si geni kwetu. Katika Kiswahili pia tamati -i hubadili sauti iliyo jirani yake: -pika hutoa mpishi, -iba hutoa mwizi, -penda hutoa mpenzi. Tofauti ni kwamba i yetu imebaki mahali pake, nasi twaiona sababu. Kiingereza kimebakiza matokeo tu. Pengine hubadilika konsonanti: «use» hutamkwa kwa s likiwa nomino na kwa z likiwa kitenzi, ingawa tahajia ni ileile.

Njia ya tatu ni mkazo. «Record», «permit» na «import» huwa na mkazo kwenye silabi ya kwanza yakiwa nomino, na kwenye silabi ya pili yakiwa vitenzi. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sikio letu halikuzoea kuutumia kupambanua aina. Wala kanuni hii haiyahusu maneno yote: «report» halihamishi mkazo wake.

Njia ya nne ni kutobadili chochote. Katika Kiingereza cha kale, upendo uliitwa «lufu» na kupenda «lufian». Kadiri karne zilivyopita miishilio ilififia, na maneno yote mawili yakawa «love». Tangu hapo nafasi katika sentensi ndiyo iliyobaki kuwa alama: baada ya «the» twatarajia nomino, au kivumishi kinachoitangulia, baada ya «must», kitenzi, na amri huweza kuanza kwa kitenzi kisicho na alama yoyote.

3. Faida kwa mwalimu na mfasiri

Kutokana na hayo, kamusi peke yake haitoshi. Kabla ya kutafuta maana, mfasiri na ajiulize: neno hili limetanguliwa na nini? Limefuatwa na nini? Je, sentensi ina kitenzi kingine? Katika «Shake well before use», «shake» laanzisha amri, hivyo ni kitenzi. «Well» laeleza namna ya kutikisa, wala si kisima. Na «use», baada ya «before», ni nomino. Tafsiri yake ni: «Tikisa vizuri kabla ya kutumia».

Mwalimu naye aache kuwaandikisha wanafunzi orodha za maneno pweke yenye maana mojamoja. Kila neno jipya liandikwe ndani ya sentensi, na aina yake itajwe. Likipatikana katika aina nyingine, liongezewe sentensi ya pili. Kazi hiyo ni ndogo, lakini humzoeza mwanafunzi kuuliza neno linafanya kazi gani kabla ya kuuliza maana yake.