Kuinua Tanga Bila Kuumiza Mgongo

Kusi linapoingia na bahari kuchafuka, mashua nyingi za Lamu, Matondoni na Kizingitini hupandishwa pwani. Mbao hukaguliwa, kalafati hufanywa upya, shahamu hupakwa chini ya chombo na sifa hupakwa juu. Hiyo ni desturi njema tuliyoirithi. Hata hivyo, ziko zana ambazo mara nyingi hurudi majini kama zilivyotoka, nazo ni zile za kuinulia tanga: kapi, gofia, jarari na henza. Juma hili tumeona vyema tuzizungumzie, kwani uchakavu wake hauishii chomboni, bali humfuata baharia hadi nyumbani.

Humfuata kwa maumivu ya kiuno yanayomkosesha usingizi, na kwa viganja vilivyochubuka. Humfuata pia katika mgao wa samaki, kwa kuwa tanga zito huhitaji watu wengi, na kila mtu ana fungu lake. Lililo zito kuliko yote ni kwamba kapi iliyokwama hulizuia tanga kushuka wakati upepo unapobadilika ghafla, na chombo kisichoweza kushusha tanga hupinduka. Kwa hiyo jambo hili si la manahodha peke yao. Linamhusu kila mama anayeshika akiba ya nyumba na kungoja chombo kirudi.

Vyombo vya kifahari vinavyotia nanga katika mkono wa bahari wa Kilifi hutumia winchi za chuma. Siri yake ni nyepesi. Mkono wa winchi huwa na urefu wa sentimita 25 hivi, nao huzungusha silinda ndogo iliyozungushiwa kamba. Iwapo nusu ya upana wa silinda hiyo ni sentimita tatu na nusu, nguvu ya mtu huongezeka mara saba. Winchi mpya ni ghali kwa familia ya mvuvi, lakini kanuni inayoiendesha haina mwenyewe. Wazee wetu waliijua kwa jina la duara, na kapi zetu hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine.

Tuchukue mfano. Tuseme foromali na tanga lake ni kilo 120. Gofia yenye gurudumu moja huugawa mzigo huo kwa kamba mbili, na anayevuta jarari hubeba kilo 60, mbali na msuguano. Akiweka gofia yenye magurudumu mawili, pamoja na kapi nyingine moja chini ya mlingoti, mzigo hugawanywa kwa kamba nne, na sehemu yake huwa kilo 30. Magurudumu yakiwa safi, kila moja likila sehemu moja tu ya kumi ya nguvu, atavuta kilo 35 hivi. Lakini yakiwa yamejaa chumvi na kutu, kila moja likila sehemu tatu za kumi, atavuta kilo 47. Kilo 12 za tofauti hiyo huondolewa kwa maji matamu, burashi na mafuta kidogo.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuosha. Kila kapi ifunguliwe, isuguliwe, ikaushwe na kupakwa mafuta. Kipini kilicholika upande mmoja kibadilishwe, na gurudumu lililopasuka litupwe. Mfereji wa gurudumu uwe na upana wa kutosha kamba, kwani kamba inayobanwa huliwa upesi.

Kazi ya pili ni kugeuza kamba. Jarari hulika mahali pale pale kila siku, panapopita kwenye gurudumu tanga likiwa juu. Ikifunguliwa na kugeuzwa, ncha ya mwisho ikawa ya mwanzo, pale palipochoka huhamia pasipo na mvuto mkubwa, na kamba hupata umri mpya bila gharama. Penye kukatika nyuzi, lakini, hapana dawa ila kubadilisha. Anayenunua mpya ajue kwamba nailoni hunyumbuka, hivyo yafaa kwa nanga kuliko kwa tanga, na kwamba kamba nyingi nyepesi za plastiki huharibiwa na jua. Wahenga walinena: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Kazi ya tatu ni kuongeza kapi, na hapa pana haja ya kiasi. Hakuna nguvu inayopatikana bure. Ili tanga lipande mita sita kwa kamba nne, mvutaji atavuta mita 24 za jarari badala ya 12. Tena kila gurudumu linaloongezwa huchelewesha kushuka. Kwa hiyo kila mabadiliko yajaribiwe bandarini, maji yakiwa matulivu: tanga lipandishwe, kisha jarari ilegezwe. Foromali isiposhuka yenyewe kwa uzito wake, zana hizo hazifai kutoka nazo, hata zikiwa nyepesi namna gani kupandisha.

Kwa kuvuta nanga, duara la mbao ngumu latosha. Gogo lenye nusu upana wa sentimita 10, likizungushwa kwa mkono wa sentimita 50, huongeza nguvu mara tano. Sharti liwe na kizuizi imara cha kulikataza lisirudi nyuma, kwani mkono ukiponyoka huweza kuvunja taya. Kamba izungushwe mara tatu au nne, vidole viwe mbali, kikoi kifungwe vyema, na watoto wasikaribie.

Wenye mashua za kutembeza wageni zilizokwisha tiwa winchi za chuma nao wasikimbilie kununua nyingine. Nyingi hukwama kwa uchafu tu. Silinda ivuliwe, vyuma vioshwe kwa mafuta ya taa, na meno yapakwe grisi kidogo. Vile vijino vidogo vinavyoizuia winchi isirudi nyuma vipakwe mafuta mepesi pekee, kwa sababu grisi huvinatisha visifunge. Springi zake zilizolegea zibadilishwe. Ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyoushikilia mzigo wote.

Tunawanasihi wasomaji wetu, hasa akina mama, kwamba matengenezo ya kusi yanapohesabiwa, zana hizi zipewe fungu lake kando ya rangi na mbao. Mama aulize kapi zilifunguliwa lini, jarari iligeuzwa lini, na tanga lilijaribiwa kushushwa au la. Kuuliza hivyo si kumwingilia nahodha katika kazi yake. Kaskazi litakapoanza na vyombo kurudi majini, inshallah, wawili watainua tanga lililokuwa likiwashinda watatu, na litashuka watakapolihitaji lishuke.