Pima Mbolea Katika Shamba Lako Mwenyewe

Tuseme jirani yako ametia mbolea ya dukani katika mahindi yake ya bondeni, akavuna kuliko kule juu ambako hakutia kitu. Asema ni mbolea. Lakini bondeni ndipo lilipokuwa boma la ng'ombe zamani, na huko alipanda mapema. Je, ni mbolea, ni samadi ya zamani, au ni kupanda mapema? Hawezi kujua, basi usikope fedha kwa sababu ya neno lake.

Mkulima, jambo hili waweza kulipima mwenyewe. Chagua mahali penye udongo wa namna moja, mbali na miti, vichuguu na boma la zamani. Pima vipande 6, viwili viwili vikiwa kando kwa kando, na njia katikati ili maji ya mvua yasihamishe mbolea. Kila kipande kiwe na mistari 6 ya urefu wa mita 12, na sentimita 75 kati ya mistari.

Kwa kila jozi, rusha shilingi ijulikane kipande kipi kitiwe mbolea. Usichague kwa macho, maana utapendelea kilicho kizuri. Kingine usikitie kitu. Mambo mengine yote yawe sawa: mbegu, siku ya kupanda, nafasi na palizi. Ukibadilisha mambo mawili, hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

Wakati wa kuvuna, acha mistari miwili ya kando na mita 1 kila mwisho. Kausha, pukuchua, na upime kila kipande peke yake. Kisha jumlisha vitatu vyenye mbolea, na vitatu visivyo nayo. Kila kilo 2 zilizozidi ni sawa na gunia 1 la kilo 90 kwa ekari. Linganisha bei ya magunia hayo na gharama ya mbolea ya ekari moja.

Rudia mwaka wa pili, kwa kuwa mvua hazifanani. Huko Rothamsted, Uingereza, majaribio ya ngano yaliyoanza mwaka 1843 yangali na kipande kisichotiwa samadi wala mbolea yo yote, ili vingine vilinganishwe nacho. Kwa hiyo usione haya kwa kipande chako kilicho dhaifu. Andika hesabu yake katika daftari, umwonyeshe afisa wa kilimo kabla ya kununua mbolea ya shamba zima.