Kingamwili Inayofichua Kiunzi cha Seli

Je, wajua kwamba kila seli ya ngozi yako ina kiunzi chake? Kimejengwa kwa nyuzi za protini, na nyembamba kuliko zote ni za aktini: unene wake ni kama nanomita 7, na milimita moja ina nanomita milioni nzima. Nyuzi hizo huipa seli umbo, huiwezesha kutambaa, na huibana kiunoni inapogawanyika kuwa mbili.

Aktini ilitengwa kwa mara ya kwanza na Brunó Straub huko Szeged, Hungaria, kutoka kwenye misuli ya sungura. Matokeo yake yalitoka mwaka 1942, na kwa muda mrefu protini hiyo ilihesabiwa kuwa mali ya misuli. Baadaye dalili zake zikaanza kuonekana kwingine, lakini ungeionaje ilivyojipanga ndani ya seli yenye maelfu ya protini nyingine? Ilihitajika kingamwili, ile protini ambayo mwili huunda dhidi ya vijidudu, kwa sababu hushika kile inachokitambua na kuacha vingine.

Mwaka 1974 Elias Lazarides na Klaus Weber, wakiwa Cold Spring Harbor, Marekani, walifanikiwa. Kazi haikuwa nyepesi. Kinga ya mwili hushtuka ikikutana na kitu kigeni, ilhali aktini ya panya na ya sungura karibu ni ile ile. Waliitenga aktini ya seli za panya kwenye jeli yenye sabuni kali, ambayo hukunjua protini na kuiharibu umbo hata ionekane ngeni, kisha wakamdunga sungura. Sungura akatoa kingamwili. Nawavulia kofia.

Kilichofuata hufanywa maabara hadi leo. Seli zilizoota juu ya kioo hugandishwa kwa dawa na utando wake hutobolewa. Humiminwa kingamwili za sungura, zisizonasa zikaoshwa. Kisha huja kingamwili za mbuzi zinazowatambua wenzao wa sungura, zikiwa zimebeba rangi ya fluoresini. Ukimulika mwanga wa buluu kwenye hadubini, kijani hung'aa: mistari mirefu iliyonyooka, imekatiza seli kutoka ukingo hadi ukingo, kama kamba zilizovutwa zikakaza. Na hizo hazikuwa seli za misuli.

Ila mng'ao peke yake hautoshi. Kingamwili inaweza kushika protini isiyo yake, na picha ikapendeza vilevile. Ndiyo maana mtafiti makini hutenganisha protini za seli kwa umeme kwenye jeli, huzihamishia kwenye karatasi maalumu, kisha huijaribu kingamwili hapo. Aktini hutokea kama mstari mmoja kwenye kilodaltoni 42 hivi. Mistari mingine ikizagaa, mashaka ni halali. Kipimo kikali zaidi ni seli zilizoondolewa jeni ya protini inayotafutwa. Zikiendelea kung'aa, kingamwili hiyo haifai.

Ukali huo una maana hata hospitalini. Uvimbe ukiwa na seli zisizojulikana asili yake, mtaalamu wa patholojia hutumia kingamwili za protini nyingine ya kiunzi, keratini. Zikishika, hiyo ni dalili kubwa kwamba saratani imeanzia kwenye seli zinazofunika viungo, si kwenye misuli wala mfupa, na matibabu ya mgonjwa huchaguliwa kwa kutegemea jibu hilo.