KUIAGIZA KOMPYUTA KWA MANENO: MFANYABIASHARA AANGALIE NINI

Kwa muda mrefu mwenye duka la jumla aliyetaka kompyuta imtajie wadaiwa wake alikuwa na njia mbili: ajifunze fomula za Excel, au amlipe kijana anayezijua. Sasa ipo ya tatu. Anaandika kwa lugha ya kawaida: "Linganisha fedha zilizoingia benki na ankara za mwezi uliopita, nitajie wasiolipa." Akili mnemba inaifanya kazi hiyo ndani ya programu yenyewe.

Zana hizi ni za aina mbili. Moja hukaa ndani ya programu fulani, kama Copilot ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa kwa makampuni Novemba 2023 kwa dola 30 kwa mtumiaji kwa mwezi. Ya pili ndiyo yenye mambo. Hupiga picha ya skrini, huisoma, huamua pa kubonyeza, hubonyeza, kisha hupiga picha nyingine kuona kilichotokea. Kwa njia hiyo hufungua tovuti, hujaza fomu, hata huagiza bidhaa. Anthropic waliitoa ya kwao kwa majaribio Oktoba 2024. OpenAI walifuata na Operator Januari 2025, kwanza kwa wateja wa Marekani waliokuwa wakilipa dola 200 kwa mwezi.

Mwanzoni zilikuwa dhaifu. Katika mtihani uitwao OSWorld, ile ya Anthropic ya 2024 ilimaliza asilimia 14.9 tu ya kazi, wakati binadamu humaliza zaidi ya asilimia 70. Matoleo ya baadaye yamepanda sana. Ila kwa anayeshika fedha, kubonyeza si tatizo kubwa. Tatizo ni kile mashine ilichoelewa.

Chukua agizo hili: "Uza hisa zangu zikishuka." Zishuke kutoka bei gani? Uliyonunulia, ya jana, au ya juu kabisa ya mwezi? Dalali angekupigia simu. Mashine inaweza kuuliza, inaweza pia kukisia na kuendelea. Na Kiswahili chetu kina mitego yake: saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye kompyuta, na "laki mbili na nusu" ni 250,000, si 200,000 na senti hamsini. Tarakimu ziandikwe zote.

Mtego mwingine ni wa matapeli. Mashine husoma kila kilichoko kwenye skrini, hivyo ankara iliyokuja kwa barua pepe inaweza kuficha sentensi inayoiamuru ibadilishe namba ya akaunti ya mlipwaji. Watengenezaji wenyewe wamekiri kwamba tatizo hili halijaisha. Wala katazo si kinga: Julai 2025 msaidizi wa kampuni ya Replit ya Marekani alifuta hifadhidata ya mteja, ingawa alikwisha kuagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi.

Anayetaka kujaribu aanze na kazi za kusoma tu: kupanga ankara, kujumlisha mauzo, kulinganisha bei za wauzaji watatu. Aipe nakala ya faili, si faili lenyewe. Nywila za benki na za akaunti ya hisa abaki nazo mwenyewe. Oda ikiandaliwa na mashine, asome kwanza jina la hisa, idadi, bei ya ukomo na tarehe ya mwisho, ndipo aitume kwa mkono wake.